Kaseti Nyuma ya Skrini ya Pili

Kwa muda wa miezi kama minane hivi, mtaani kwetu Jadida hapakuwa na mtu mwengine mwenye skrini mbili za kompyuta juu ya meza moja ila mimi. Watu walikuja kuziangalia kama wanavyokwenda kumuangalia mtoto mchanga. Nami nilikuwa nikizifuta vumbi kila asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la upande wa njia. Leo nikikumbuka kitambaa kile na namna nilivyokuwa nikikipitisha taratibu kwenye vioo, uso unaniwaka.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na baada ya skuli nikajifunza ufundi wa redio kwa kuziharibu za jamaa zangu. Umri uliposogea kidogo, macho yalipoanza kukataa kutia risasi ya kuungia kwenye vijiwaya, nikabadilisha kazi. Kaseti zilikuwa zinakufa. Kila nyumba Wete ilikuwa na kopo au mkoba wa kaseti za harusi, za maulidi, za mawaidha, za watu waliosafiri Arabuni wakajirikodi salamu, na redio za kuzichezea zilikuwa zinazitafuna moja moja. Mimi nikawa nazihamishia kwenye kompyuta, nazisafisha, kisha nazitia kwenye sidii. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, boksi lake jeupe limegeuka manjano kama jino la mvutaji, nimeipata ofisi moja ilipotupa vyombo vyake vya zamani. Ikiwaka ilinguruma mpaka jirani wa ukuta wa pili akajua kuwa umeme umerudi.

Ilikuwa miaka ya vyama vingi. Msomaji asiyekuwapo Pemba siku zile hatanisadiki, na aliyekuwapo hana haja ya kuelezwa. Tulifika mahali duka la mtu lilijulikana kwa chama chake kabla ya kujulikana kwa unga wake. Tuliacha kusalimiana. Tuliacha kualikana harusini, kisha tukaacha kuzikana. Walikuwapo waliohama msikiti kwa sababu hawataki kusali nyuma ya mtu wa upande wa pili, na mmoja wao ni mimi.

Niliyehama msikiti kwa ajili yake alikuwa rafiki yangu. Sitamtaja jina. Tulikaa mkeka mmoja chuoni kwa Kurani, tukachapwa kwa bakora moja. Alikuwa muadhini wetu, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijakisikia kwa mtu mwengine: ilianza chini, kama mtu anayejisemea peke yake, ukafikiri haitafika popote, kisha ikapanda bila ya wewe kujua imepanda wapi. Tulipokuwa vijana, nilipopata redio yangu ya kwanza yenye kurikodi, nilikwenda nayo msikitini mwezi wa Ramadhani nikairikodi adhana yake ya Magharibi. Mwisho wa adhana ile, kabla sijabonyeza kitufe, anasikika akisema kwa haraka, mdomo mkavu kwa saumu: "Zima hicho, tende zitakwisha!" Halafu tunacheka sote wawili. Kaseti ile nilimpa zawadi. Ilikuwa moja tu, na hakuwahi kurikodiwa tena. Mwenyewe alikuwa mtu wa haya.

Chama kilipoingia baina yetu hatukugombana hata siku moja. Hilo ndilo baya zaidi. Siku moja tulipishana njiani, yeye akafungua mdomo kutoa salamu, mimi nikaangalia upande wa mitaro. Basi. Ikawa hivyo kwa miaka.

Kisha akapatwa na maradhi ya koo. Alipelekwa Unguja, akapasuliwa, akarudi akiwa mzima lakini hana sauti. Nilisikia kuwa anaandika anachotaka kwa chaki kwenye ubao mdogo, kama ule wa chuoni. Sikwenda kumtazama.

Mkewe akaja kwangu asubuhi moja. Nilimuona kwanza kupitia dirishani, amesimama njiani kama mtu anayesoma namba ya nyumba anayoijua.

"Hodi, shemegi."

"Karibu."

Hakuingia ndani sana. Alitoa kaseti kwenye ncha ya kanga. Niliitambua kabla hajanyoosha mkono. Ubavuni limeandikwa jina la mumewe kwa mwandiko wangu mwenyewe wa ujana.

"Redio yaitafuna," alisema. "Leo asubuhi ameisikiliza, imelia vizuri, lakini imekwama mara mbili. Nimeogopa. Nitilie kwenye hizo sidii zako, wajukuu wamsikie. Na yeye mwenyewe. Huwa aiweka sikioni hivi."

"Nitaifanya."

"Lini, shemegi?"

"Nipe wiki. Nataka kuifanya vizuri."

Ningeweza kuifanya asubuhi ile ile. Kaseti ya dakika chache! Unaitia kwenye mashine, unabonyeza, inaingia kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Kuisafisha kungefuata baadaye. Lakini mambo mawili yalinishika mkono, na yote mawili ni ya aibu.

La kwanza lilikuwa barza. Wenzangu wa chama walikuwa na desturi ya kuja kukaa chumbani kwangu baada ya Adhuhuri, kahawa mkononi, na walikuwa wakichezea kila kitu kilichokuwapo mezani. Wangeliona jina lile. Wangelisema, "Kumbe wamfanyia kazi yule?" Nikaichukua kaseti nikaitia nyuma, kwenye rafu nyembamba baina ya meza na ukuta, mahali pasipoonekana.

La pili lilikuwa skrini.

Nilikuwa nimekwenda Unguja na kuona kwenye chumba kimoja cha kurikodia skrini mbili zimekaa pamoja kama mume na mke. Kwenye moja sauti imechorwa yote, vilima na mabonde, na kwenye ya pili vimepangwa vitufe na orodha ya kazi. Mimi kwangu kila nilipotaka kubonyeza kitu nilikuwa nafunika mchoro wa sauti, nikimaliza naufunua, mchana kutwa kufunika na kufunua. Nikajiambia kazi ya sauti haiwezi kufanywa hivi na mtu mwenye heshima yake. Nikapata skrini ya pili, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa kama ya kwanza, nzito hata nikaomba msaada kuipandisha mezani. Nikajiambia pia, na hili nalisema kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kusema yote, kwamba kazi ya kwanza ya skrini mbili itakuwa adhana ya rafiki yangu. Niliona kuwa namheshimu. Mtu anaweza kumficha mwenziwe nyuma ya meza na bado akaona kuwa anamheshimu.

Kompyuta ya zamani haikubali skrini mbili kwa kuambiwa. Ilikuwa na tundu moja tu la kuchomeka skrini. Ilinibidi nitafute kadi nyengine ya picha, niifungue mashine, nitoe kadi ya kuunganishia simu ambayo haikuwa na kazi, na niichomeke ile mpya mahali pake. Kuwasha, ikapiga milio mitatu ikagoma. Nikaitoa, nikaifuta meno kwa ufutio wa penseli, nikairudisha. Ikakubali, lakini skrini zote mbili zikaonyesha kitu kimoja, nikawa nimepata pacha badala ya mke. Wiki ya kwanza ikapita. Nikaja kujua mahali pa kuiambia kuwa skrini ya pili ni muendelezo wa ya kwanza, na hapo ikageuza pande: nikiusukuma mshale kulia unatokea kushoto, nikiufuata kushoto unapotea. Mchana mzima nilikuwa kama mtu anayekimbiza kuku ndani ya nyumba yenye milango miwili.

Wale wa barza walifurahi sana.

"Hizi mbili, yakhe," alisema mmoja, "moja ya chama chetu na moja ya chao?"

"Zasalimiana?" mwengine akauliza.

"Zasalimiana kuliko nyinyi," nilisema. "Tazama. Mshale wavuka mpaka, hakuna anayeuliza kadi ya chama."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilicheka na mimi, na kaseti iko nyuma ya kioo, umbali wa mkono.

Wiki ya pili mke wa rafiki yangu alipita. Nikamwambia bado kidogo. Ya tatu akapita tena, nikamwambia Jumatatu, inshallah. Hakulalamika. Alisema tu, "Hali yake si nzuri, shemegi."

Lililokuwa limebaki ni doa. Skrini mpya ilikuwa na doa la zambarau kwenye kona, upande wa spika. Spika zangu zilikuwa kubwa, za ngoma ya harusi, zenye sumaku ya uzito wa jiwe la kusagia, nami nilikuwa nimezibana na skrini kwa kuwa zilipendeza zikikaa pale. Kila fundi anajua kuwa sumaku ya spika inaharibu rangi ya kioo. Dawa ya kwanza ni kuziweka mbali. Sikutaka, meza ingeharibika sura. Dawa ya pili ni koili: duara la waya wa shaba, kubwa kama ungo mdogo, limefungwa utepe mweusi, unalichomeka kwenye umeme, unalizungusha mbele ya kioo na pembeni, kisha unarudi nyuma nalo taratibu. Rangi inarudi kama ilivyokuwa. Tulikuwa tukizisafisha hivyo televisheni.

Na kila fundi anajua jambo jengine. Kabla ya kuichomeka koili unatoa kaseti zote chumbani. Koili haichagui, inachofuta kwenye kioo inakifuta na kwenye ukanda. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu. Asubuhi ile, Jumamosi, kabla ya ile Jumatatu niliyoahidi, nilizitoa kaseti za wateja wote. Nilizihesabu nikazibeba kwenye kikapu mpaka ukumbini. Za harusi, za mawaidha, zote. Zilizokuwa mezani nilizitoa. Ile niliyoificha sikuikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimeificha na kwangu pia.

Nikazungusha koili mbele. Nikazungusha ubavuni. Kisha, kwa kuwa kona haikutakata, nikapeleka mkono nyuma, baina ya skrini na ukuta, nikazungusha hapo muda mrefu kuliko kote.

Doa lilitoka. Kioo kilikuwa safi kama maji. Nilisimama mbali nikazitazama skrini zangu mbili zenye rangi moja, nikaona kuwa sasa niko tayari kwa kazi ya rafiki yangu. Nikapeleka mkono rafuni kuichukua kaseti.

Hata kabla sijaigusa nilijua. Nilikaa nayo mkononi. Koili ilikuwa bado inanguruma chini, sijaichomoa.

Niliitia kwenye mashine. Kwenye skrini ya kushoto, mahali palipotakiwa kusimama vilima, ulikwenda mstari kama uzi wa mshipi wa kuvulia uliolegea. Kila baada ya sekunde chache uzi ule ulivimba kidogo, na kwenye spika ikasikika kama sauti ya mtu anayeita akiwa ndani ya kisima, herufi moja, mbili, kisha inazama. Nilisubiri mwisho. Nilitaka angalau zile tende. Hazikuwapo. Cheko letu halikuwapo.

Jumatatu akaja. Nilikuwa nimekaa siku mbili nikitafuta maneno, na sikuona haya kuyatafuta. Nilikuwa nimeyapata.

"Shemegi, kaseti imeliwa na ukungu. Nimeifungua nimeikuta hivyo. Hakuna kitu ndani."

Akaiangalia kaseti iliyokuwa mezani.

"Asubuhi ile niliyokuletea," alisema polepole, "aliisikiliza. Nilikwambia."

"Ndiyo mara ya mwisho yake. Kaseti za zamani ndivyo zilivyo. Zinalia leo, kesho zimekwisha. Pengine pia mlikuwa mnaziweka karibu na jiko."

Sikuhitaji kuliongeza lile la jiko. Uongo ulikuwa umeshatosha bila ya hilo. Lakini nililiongeza, na katika yote niliyoyafanya maishani, hilo ndilo linalonijia nikiwa nimekaa msikitini.

Alizitazama skrini zangu. Alitazama moja, kisha ya pili.

"Na hizi mbili, za kazi gani?"

"Za kazi ya sauti."

"Haya," alisema. Aliichukua kaseti, akaifunga kwenye ncha ya kanga mafundo mawili, akatoka.

Rafiki yangu alifariki kabla ya mwaka kwisha. Jeneza lilipita njia yetu, chini ya dirisha langu, na wale wa barza walikuwa wamekaa na vikombe vyao. Sisi tuna desturi kuwa jeneza likikupita unainuka na kulisindikiza japo hatua saba, hata likiwa la mtu usiyemjua. Mimi niliinuka. Mmoja akasema, "Wenda wapi?" bila hata ya kugeuza uso. Nikakaa. Nilisikia jina la Mungu likitajwa mpaka likafika kwenye kona. Hatua saba zingenifikisha kwenye mlango wa jirani tu.

Skrini ile ya pili nilimpa mtu. Sikuweza kukaa mbele yake. Kila mshale ulipovuka kwenda upande ule niliona nimepeleka mkono nyuma tena.

Baadaye wakubwa wa vyama walishikana mikono, na sisi wadogo tukaambiwa tushikane. Wale wale walionizuia kuinuka nikawaona wamekaa karamu moja na watu wa upande wa pili, wanachota pilau kwenye sinia moja, wanataniana. Nilidhani sasa itakuwa rahisi kwangu kwenda kusema. Haikuwa. Nilipata sababu kila mwaka. Mwisho sababu zikaisha na mimi nikaona nazeeka, nikapanda gari mpaka Chake, na kutoka hapo mpaka Pujini, ambako mjane wa rafiki yangu alikuwa amerudi kwao.

Nilimkuta uani amekaa juu ya mkeka, anachambua karafuu. Alikuwa amezeeka na yeye. Alinitazama kidogo, kisha akasogea kunipa nafasi.

"Karibu, shemegi. Kaa. Mikono yako si mitupu? Chambua."

Nikachukua shada nikaanza kuchambua. Nilimueleza nikiwa naangalia karafuu. Nilimueleza koili, rafu, barza, kwa nini niliificha, na lile la jiko.  Yeye hakuacha kazi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kuwa ni weye. Sikujua vipi, mie si fundi. Lakini kaseti imetoka kwangu inalia, imerudi haina kitu. Mimi nina akili zangu, shemegi."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia nimeiangusha kwenye ndoo ya maji."

 Yeye akaendelea, vidole vinakwenda tu.

"Wajua alinituma mwenyewe kwako? Mie nilitaka kuipeleka Chake. Nilimwambia, yule hakusalimii, niende kufanya nini kwake? Akachukua ubao akaandika: *Ndiye aliyeirikodi.* Basi. Sasa ningerudi nimwambie nini? Kuwa huyo huyo ndiye aliyeifuta? Angekufa na hasira na mtu asiyemuona. Mie angenikasirikia, lakini chai yangu angekunywa."

"Alikukasirikia?"

"Siku tatu hakunitazama. Ya nne akaandika nimletee uji." Akatabasamu kidogo, si kwangu. "Hasira zile zilikuwa zako, shemegi. Nilikubebea."

Nikamuomba radhi. Niliomba kama tunavyoombana, kwa maneno yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yangu nimekupa," alisema. "Zamani. Ya kwake siwezi kukupa, siyo yangu."

Hakuwa na ukali aliposema hivyo. Alikuwa anasema jambo kama lilivyo. Tulichambua mpaka mashada yaliyokuwa baina yetu yakapungua.

Kisha akasema, "Wajukuu wananiuliza alikuwaje akisema. Adhana watazisikia kwa wengine, hawatajua. Lakini sauti yake ya yale maneno ya mwisho wa kaseti, nilikuwa nikiisikia kila siku na sasa inanipotea. Weye ulikuwapo. Alisemaje?"

"Alisema, 'Zima hicho, tende zitakwisha.'"

Alitikisa kichwa.

"Maneno nayajua. Sema kama alivyosema."

Nikajaribu. Mzee mimi, nimekaa juu ya mkeka wa watu, nikajaribu kuukausha mdomo kwa saumu ya miaka arobaini nyuma.

"Siyo. Kwenye tende alikuwa akivuta."

"Zima hicho, teende zitakwisha."

"Siyo hivyo, shemegi." Aliweka karafuu chini, akafumba macho. "Tena."

Nikasema tena. Nikasema mara nyingi, hata kuku wa uani wakatuzoea. Kila nikimaliza alikuwa akisikiliza kidogo baada ya sauti yangu, kama mtu anayesubiri kitu kifuate, kisha anasema siyo. Mpaka naondoka Pujini, jua limeshapinda, sikuwa nimeipata.